Piano na dramu bila kuhesabiana: wanapatana wapi?

Kinanda_Tanga (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimekuwa mpiga kinanda wa kwaya kwa miaka 11, na muziki ninaoujua ni ule ambao mpiga dramu hugonga vijiti vyake mara nne, sote tukaingia pamoja, na mtu akitoka nje ya mdundo mwalimu wa kwaya humgeukia kwa jicho lisilohitaji maelezo. Wiki iliyopita shemeji yangu alinipa rekodi ya wanajazi wawili wa Marekani, Max Roach kwenye dramu na Cecil Taylor kwenye piano, ile ya onyesho la tarehe 15 Desemba 1979 katika ukumbi wa McMillin wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, iliyotolewa na kampuni ya Soul Note ya Italia mwaka 1984. Nimeisikiliza mara tatu, na mara zote tatu nimeshindwa mahali pale pale.

Rekodi inaanza kwa Roach kupiga peke yake, nami namfuata bila taabu, kwa sababu hata pale anapoukatiza mdundo unasikia kwamba anajua alipouacha. Kisha Taylor naye anapiga peke yake, na hapo natafuta koodi, yaani zile sauti kadhaa zinazobonyezwa pamoja ambazo sisi wa kwaya huzishikilia kama mtu anavyoshika ukuta gizani, lakini kila ninayoipata inaponyoka kabla sijaitaja. Halafu wanaingia wote wawili, kwa sehemu mbili ambazo kila moja inakaribia dakika 40, na tangu hapo nikianza kuhesabu moja mpaka nne napotea kabla ya kufika tatu.

Sisemi kwamba ni kelele, kwani kelele nisingeirudia mara tatu. Ninachouliza ni hiki: kama hakuna mdundo wa kuhesabu wala koodi za kufuata, wamepatana juu ya nini? Je, mmoja anamsikiliza mwenzake, au kila mtu anapiga lake na sisi ndio tunaowaunganisha masikioni mwetu? Nimemsubiri Roach arudie kitu alichokipiga Taylor, au Taylor amwigize Roach, na mara nyingi hakuna anayemwigiza mwenzake. Na wanajuaje kwamba wimbo, kama tunaweza kuuita wimbo, umekwisha?

Vijiti_Viwili

Kaka Kinanda, karibu. Mimi ni mpiga dramu wa Nairobi, harusi kwa wingi na jazi pale inapopatikana, na ningependa kuanza na hilo suala la kuigana, maana ndilo linalowapoteza wengi. Ukimweleza mtu mzima jambo, naye akakurudishia maneno yako yale yale, hutasema kwamba amekusikiliza, utasema anakudhihaki. Roach hamwigizi Taylor kwa sababu ana lake la kumjibu.

Inafaa kujua alikotoka. Katika miaka ya 1940 mpiga dramu Kenny Clarke, na baada yake Roach mwenyewe aliyekuwa akipiga na mpiga saksafoni Charlie Parker, waliuondoa mwendo kwenye ngoma kubwa ya mguu wakaupandisha kwenye toazi la mkono wa kulia. Kwa kufanya hivyo, ngoma kubwa na ile ndogo yenye nyaya chini yake zilibaki huru kutia neno katikati ya maneno ya mpiga saksafoni. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni ya mpiga dramu Sunny Murray, aliyekuwa na Taylor katika klabu ya Café Montmartre mjini Copenhagen mnamo Novemba 1962, pamoja na Jimmy Lyons kwenye saksafoni na bila mpiga besi. Murray aliliondolea hata toazi kazi ya kuhesabu, likawa linatetema mfululizo kama mvua juu ya bati, na mwendo ukawa wa bahari inayojaa na kupwa, si wa askari wanaopiga kwata.

Sasa tazama kilichotokea mwaka 1979. Mtu wa hatua ya kwanza, anayekaribia umri wa miaka 56, alikaa jukwaani na mpiga piano aliyekwisha kuzoea wapiga dramu wa hatua ya pili kwa zaidi ya miaka 15, wala hakujigeuza kuwa Murray. Alibaki Roach: vifungu vifupi vilivyokatwa wazi, kila ngoma ikiwa imekazwa kwa sauti yake, mguu ukirudia kitu kimoja huku mikono ikienda kwingine, kama alivyokwisha kufanya katika The Drum Also Waltzes ya mwaka 1966, ambamo miguu inashika mwendo wa tatu peke yake na mikono ndiyo inayozungumza. Kwa hiyo mdundo upo, tena ni midundo mingi, ila hakuna hata mmoja uliopewa mamlaka juu ya mingine, na wewe uliyelelewa na mwalimu wa kwaya unatafuta ni upi wa kuutii.

Ningekushauri uache kuhesabu, usikilize wingi na nafasi. Piano, ukiifunua kifuniko, ni nyundo zinazopiga nyuzi. Ukishabonyeza kitufe, sauti yake haiwezi tena kukua. Inafifia tu, sawasawa na ngoma iliyopigwa. Mpiga tarumbeta anaweza kuivuta sauti moja huku akiwaza la kufuata, lakini hawa wawili hawana pa kuwazia ila ndani ya kimya au ndani ya mapigo yenyewe, na Taylor hakuwa mtu wa kukaa kimya muda mrefu. Basi anapoujaza upande wa chini wa piano, ambako hakuna mpiga besi wa kugombania naye, sikiliza kama Roach anabaki kwenye ngoma kubwa au anapanda kwenye matoazi ili kumwachia uwanja. Akipanda, amesikia. Akibaki pia amesikia, ila ameamua kushindana.

Mtoto_wa_Vumi

Wanangu, mnalizungusha jambo ambalo wazee wetu wa pwani walikwisha kulimaliza. Ukienda kwenye ngoma utakuta chapuo, msondo na vumi, kila moja na kinywa chake, na hakuna anayeuliza nani anamfuata nani, kwa sababu wote wako ndani ya jambo moja. Piano ya Taylor imeelezwa tangu zamani kuwa ni ngoma 88 zilizotiwa sauti, kwa hesabu ya vitufe vyake. Kwa hiyo hapo si piano na dramu. Ni ngoma na ngoma, iliyopigwa na wajukuu wa watu waliovushwa bahari kwa nguvu. Mwanangu wa Tanga, laiti ungeisikiliza kama ngoma tangu mwanzo, usingepata tabu hii yote.

Mwalimu_wa_Solfa

Shikamoo, mzee wangu. Nakubaliana nawe kuhusu ngoma 88, na nadhani hakuna maelezo mafupi yanayomfaa Taylor kuliko hayo, lakini naomba nikupinge kidogo katika lililobaki. Katika ngoma ya kwetu, hata vumi izungumze vipi, kuna chombo kinachoushika mzunguko usivunjike, na mchezaji anajua mguu wake uangukie wapi. Akipotea, mpigaji humrudisha. Katika rekodi hii hakuna mguu unaosubiriwa. Huyu ndugu wa Tanga anajua sana kusikiliza ngoma, kwani analelewa na mdundo kila Jumapili, na ndiyo sababu hasa ya yeye kupotea.

Tukisema ni ngoma tu, tunaifuta pia kazi ya Taylor mwenyewe. Alisoma New England Conservatory mjini Boston, akajifunza mengi kwa mpiga piano wa jazi Duke Ellington, akawasikiliza Bartók na Stravinsky, watunzi wa muziki wa Ulaya, na aliwahi kusema kwamba kwenye piano anajaribu kuigiza mirukio ambayo wacheza dansi huifanya hewani. (Hapo nakupa nusu ya haki yako, mzee: mwili unaocheza haukuwa mbali na mawazo yake.) Muziki wa namna hii huitwa jazi huru, na neno «huru» nalo linapotosha. Jina hilo lilienea kutokana na rekodi ya mpiga saksafoni Ornette Coleman iliyopigwa Desemba 1960, na watu wakadhani maana yake ni kupiga chochote kinachokuja kichwani. Taylor alikuwa akifanya mazoezi kwa saa nyingi, na wenzake wa kundi aliwapa vifungu kwa majina ya sauti, yaani kwa herufi, bila ile mistari mitano tunayoifundisha, kisha kila mmoja akajifunza kwa sikio namna ya kuvipanga.

Hapo ndipo penye kamba ya kushika kwa mtu wa solfa. Usitafute koodi, tafuta kifungu kidogo cha sauti tatu au nne. Taylor anakitupa, anakirudia juu zaidi, anakigeuza, anakivunja, kisha mkono wa kushoto unakileta tena chini kwa uzito ambao hukuutarajia. Mara ya kwanza nilipokinasa kimoja na kukifuata kwa takribani dakika mbili, niliona kwamba mtu huyu yuko karibu zaidi na mpiga udi wa taarabu anayetoa taksim, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, ambaye hahesabu lakini hasahau hata mara moja yuko kwenye maqam gani, yaani ngazi gani ya sauti, kuliko alivyo karibu na mtu anayeparamia vitufe kwa hasira.

Roach na Taylor pia hawakuwa wa kwanza. Tarehe 30 Aprili 1966 Don Pullen kwenye piano na Milford Graves kwenye dramu walipiga wawili tu katika Chuo Kikuu cha Yale, baada ya kuwa pamoja katika kundi la mpiga saksafoni Giuseppi Logan, wakaitoa rekodi wenyewe kwa lebo yao, yaani kampuni yao ndogo ya rekodi, na nakala za mwanzo zilikuwa na majalada yaliyopakwa rangi kwa mikono. Pullen alikuwa akiuviringisha mgongo wa mkono juu ya vitufe, hata sauti zikamiminika kama punje za mtama kutoka kwenye gunia, na bado ndani yake ukaisikia lahani. Graves baadaye alifundisha kwa miaka mingi katika chuo cha Bennington, na nyumbani kwake Queens, New York, alirekodi mapigo ya mioyo ya watu ili kuyachunguza kama muziki. Jambo lililomvutia ni kwamba moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Nafasi kati ya pigo na pigo hubadilika kidogo kila wakati. Ukiisikiliza Yale ya 1966 ukiwa na habari hiyo, hutamdai tena Graves moja, mbili, tatu, nne.

Mtoto_wa_Vumi

Marahaba, mwalimu. La mguu usiosubiriwa nimelikubali, nami nalirudisha neno langu nusu. Nusu ya pili nabaki nayo.

Muuguzi_Zürich

Salaam kutoka Uswisi. Nimekuwa nikisoma tu, lakini mzee Vumi amenigusa, kwa sababu kama mtu anaitafuta Afrika katika piano na dramu za namna hii, ipo, tena kwa majina na tarehe, ila haikupitia pwani yetu. Ilipitia Cape Town, ikashukia hapa ninapoishi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa na mkahawa mjini Zürich ukiitwa Café Africana, na humo alipiga piano Dollar Brand wa Cape Town, ambaye leo anajulikana kama Abdullah Ibrahim. Ni katika mkahawa huo Duke Ellington alikomsikia mwaka 1963. Mwaka uliofuata kundi la Blue Notes, lenye weusi na mzungu mmoja ambao sheria za makaburu ziliwakataza kukaa jukwaa moja, lilitoka Afrika Kusini kwenda kupiga katika tamasha la Antibes, Ufaransa, kisha nalo likafika Africana kabla ya kwenda London. Mpiga dramu wao alikuwa Louis Moholo. Miongoni mwa waliokuwa wakienda kuwasikiliza ni binti wa Schaffhausen, Irène Schweizer, mpiga piano ambaye mwenyewe alijua kupiga dramu, na nadhani hilo la mwisho ndilo linaloeleza mengi.

Schweizer ndiye ningemshauri kaka wa Tanga aanze naye kabla ya kurudi kwa Taylor, kwa maana alifanya mazungumzo ya namna hii na mpiga dramu mmoja baada ya mwingine: Moholo mwaka 1986, kisha Günter Sommer, Andrew Cyrille, Pierre Favre na Han Bennink, zote zikatolewa na lebo ya Intakt ya hapa Zürich. Yeye hakuona haya kushika kifungu cha kurudiarudia, cha namna ile aliyoizoea kwa wale Waafrika Kusini, akakizungusha mpaka kikawa kama wimbo kamili, kisha akakiacha kianguke. Msikilizaji anapata pa kukanyaga kabla ya kutupwa tena majini. Na kwa Bennink utacheka, kwa sababu mtu huyo hupiga dramu, kiti, sakafu na chochote kilicho karibu, na mwenzake asipokuwa macho atajikuta ameachwa na mzaha mikononi.

Kisha umrudie Taylor wa Berlin, majira ya joto ya mwaka 1988. Alialikwa kwa takribani mwezi mzima, akapiga wawili wawili na wapiga dramu watano: Moholo, Sommer, Bennink, Paul Lovens na Tony Oxley, na lebo ya FMP ikazitoa. Mpiga piano ni yule yule, mji ni ule ule, lakini Oxley, mwenye vyombo vyake vingi vya chuma vyenye sauti kavu na fupi, anamfanya Taylor asikike mwepesi kuliko anavyosikika akiwa na Moholo, ambaye anausukuma muziki kutoka chini kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Tofauti hiyo ndiyo jibu langu kwa swali lako la pili, kaka. Kama kila mtu angekuwa anapiga lake tu, Taylor angetoka vile vile kwa wote watano.

Schweizer alifariki Julai 2024, na Moholo Juni 2025. Rekodi yao ya 1986 ndiyo ninayoisikiliza nikitoka zamu ya usiku, ingawa jirani yangu wa chini ana maoni yake kuhusu jambo hilo.

Kinanda_Tanga

Nawashukuru wote, na dada wa Zürich hasa, kwa kuwa nimempata Schweizer na Moholo na nimekaa nao siku mbili. Kile kifungu cha kurudiarudia kilinisaidia kweli. Jana usiku nilirudi kwa Roach na Taylor nikafanya kama alivyosema Vijiti, nikaacha kuhesabu, nikafuata upande wa chini tu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Roach akihama. Sitasema nimeelewa. Nimesikia mtu akimpisha mwenzake mlangoni, basi.

Sasa nimefanya kosa la mtu mwenye haraka. Nilimwita kijana wetu wa dramu, nikamwambia tupige dakika tano bila mdundo na bila koodi, tuone. Dakika ya kwanza tuliogopa. Dakika ya pili yeye akaingia kwenye mdundo wa mapambio bila kujua, nami nikajikuta namfuata kwa do, fa na so kama kawaida. Tulipoanza upya nikabonyeza vitufe kwa viganja kama nilivyodhani Pullen alifanya, na kinanda chetu, ambacho ni cha umeme na cha bei nafuu, kikatoa sauti ile ile kwa nguvu ile ile, nikipapasa au nikipiga ngumi. Mlinzi alikuja kuuliza kama kuna kitu kimeharibika. Tatizo ni mimi, ni kijana, au ni kinanda?

Mwalimu_wa_Solfa

Kinanda, kwa sehemu kubwa, wala sikutanii. Kama alivyosema Vijiti, sauti ya piano haikui tena ikishapigwa, kwa hiyo mwenye piano ana maamuzi mawili makubwa kwa kila kitufe, lini akipige na kwa nguvu gani, na chombo chako kimekunyang'anya moja. Umebaki na lini peke yake, halafu unataka kuzungumza na dramu, ambayo kila pigo lake lina uzito tofauti na lililotangulia. Tafuta piano ya nyundo, hata iliyochoka. Na mgongo wa mkono uuache kwanza. Pullen alikuwa akichagua sauti ndani ya ule mmiminiko, wewe ulikuwa unazimwaga. Anza na kifungu kimoja cha sauti tatu, ukitumie dakika tano nzima bila kuongeza ya nne.

Vijiti_Viwili

Naongeza la kijana. Mdundo wa mapambio umo ndani ya mikono yake na hautatoka kwa kuambiwa utoke. Ukimwambia «usipige mdundo» ni sawa na kumwambia mtu asimfikirie tembo. Mpe kazi badala ya katazo. Mwondolee vijiti, mpe brashi au mikono mitupu, na mwambie kila akipiga pigo asubiri mpaka sauti yake ififie kabisa kabla ya kupiga lingine, na toazi likiwa ndilo la mwisho kufifia, basi asubiri toazi. Hawezi kuhesabu nne kwa namna hiyo hata akitaka. Baada ya hapo mruhusu afupishe kusubiri kwake kidogo kidogo.

Na kuhusu mwisho, swali ambalo hatukulijibu: sauti ya piano ikiachiwa kwa kanyagio hufifia polepole, na ya toazi vivyo hivyo, hivyo kila baada ya muda hutokea mahali ambapo vyote viwili vinakufa pamoja. Anayenyanyua mikono hapo ametoa pendekezo. Mwenzake akinyanyua pia, mmemaliza. Akipiga hata pigo moja, amelikataa, nanyi mna dakika nyingine kumi. Ukiirudia rekodi yako utasikia mapendekezo kadhaa yaliyokataliwa, na mengine nadhani yalikataliwa kwa raha tu ya kukataa.

Kinanda_Tanga

Piano ipo. Kuna shule ya zamani hapa mjini yenye moja ukumbini, imefunikwa turubai, na mwalimu wa zamu ameturuhusu Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri. Nimeshaijaribu: vitufe sita havitoi sauti kabisa, na viwili vya juu vinatoa mlio wa kijiko tu.

Vijiti_Viwili

Usivikwepe hivyo sita. Kijana akiuona mkono wako umeshuka na hakuna kilichosikika, atashtuka, na hapo ndipo atakapoanza kukutazama badala ya kujitazama mwenyewe. Andika tena Jumapili jioni utueleze nani alinyanyua mikono kwanza.